Kengele Kubwa kwa Asiyesikia

Mpiga chapa, ambaye ofisi nzima ilimwita Chapachapa kwa wepesi wa vidole vyake, alikuwa hasikii tangu utotoni. Bosi naye aliwaita watu kwa kengele. Mara mbili Chapachapa hakuitika, akapata barua mbili za onyo, na ya pili ilimalizia hivi: "Sikio la kufa halisikii dawa." Jamani! Na barua zenyewe alizichapa yeye. Ya tatu ingekuwa ya kumfukuza, na nyumbani mama yake na wanawe wawili walikula kwa vidole hivyo hivyo.

Basi akaomba taa. Taa ndogo tu mezani, iwake Bosi akibonyeza.

Kamati ikakaa siku tatu, ikanywa chai ya kutosha kuogea, ikaamua: inunuliwe kengele kubwa zaidi.

"Dada, tumekujali," afisa utumishi alimwambia, akitanua midomo ili aisome.

Kengele ilipolia, vikombe viliruka. Mzee wa Majalada aliingia chini ya meza akaanza kutubu dhambi zake. Chapachapa alimsoma midomo, akajua mambo ambayo hata mke wa mzee hayajui.

Wiki haijaisha, wafanyakazi wengine wote kumi na tisa walikuwa na pamba masikioni. Bosi anabonyeza, haji mtu! Akawa anazunguka korido mwenyewe, jasho linamtoka, anawagusa mabega mmoja mmoja. Kamati ikakaa tena, safari hii dakika kumi: wanunuliwe taa kumi na tisa.

"Na yangu?" Chapachapa aliuliza.

"Hizi ni za walioathiriwa na kengele," alisema afisa utumishi. "Wewe ulikuja hivyo hivyo. Sikio halipiti kichwa, dada. Subiri."

Chapachapa akarudi mezani pake. Akakaa, maana hata oda ya taa ilikuwa ya kuchapa yeye. Akachapa: taa ishirini. Bosi hakuwa na mazoea ya kusoma. Akatia sahihi.

Siku taa zilipowaka, Chapachapa alikuwa wa kwanza mlangoni. Bosi akamkodolea macho.

"Kumbe unasikia! Miaka yote unatuigizia? Nenda kachape barua yako ya tatu, sasa hivi!"

Akaenda, akachapa bila haraka, akaileta. Bosi akatia sahihi huku anafoka, na hivyo ndivyo Chapachapa alivyopandishwa cheo.