Kilemba cha Fundi

Mtoto wa fundi cherehani alikuwa na miaka saba, na jina lililomshika mtaani ni Mkaguzi. Kiti kikisogezwa, alikirudisha. Mlango ukiachwa wazi, aliufunga hata kama mgeni bado yuko katikati. Daktari aliuita usonji. Majirani walikuwa na majina yao, na hayafai kuandikwa. Baba yake alitoka kwenda kunyolewa, na nywele hizo lazima zilikuwa ndefu sana, maana mpaka leo hajarudi.

Mkaguzi alilishwa na mama, akaogeshwa na mama, akalala mama akiwa amemshika kisigino. Mtu mwingine akimgusa, alipiga kelele mpaka wapita njia wakasimama. Hayo Fundi, mama yake, alikuwa ameyazoea. Kilichomvunja ni saratani, ambayo ilikuwa imeshafika kwenye ini, na daktari hakumung'unya maneno: ajipange. Kufa kwenyewe hakukumtisha kama swali moja tu, kwamba mtoto atashika mkono wa nani.

Hakuwa na mwingine ila dada yake mkubwa, mpishi wa shule, mwanamke mwenye sauti ya kunyamazisha foleni nzima ya chakula. Alikuja kila jioni akitoka kazini. Kila jioni alimwinamia Mkaguzi na kijiko, na kila jioni kijiko kiliishia ukutani.

"Mdogo wangu, huyu hanitaki," alisema akifuta ukuta. "Shule nzima inakula mkononi mwangu, nashindwa na katoto kamoja!"

"Hajakuzoea tu, dada."

"Atanizoea lini? Wewe muda unao?" Akajiziba mdomo, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Fundi ndiye aliyebuni hila, na hila za fundi ni za nguo, hana nyingine. Aliamini kwamba mwanawe hajui watu, anajua gauni la buluu, kilemba cha buluu na harufu ya mafuta ya cherehani. Basi akashona gauni kama lake, akipumzika kila baada ya mshono, kwa mwili wa dada uliokula kitambaa mara mbili ya wake. Kilemba akavua kile kile alichovaa. Kichwa kikabaki wazi, nywele zote zimekwisha kwa dawa.

"Kesho uje na hivi. Usiongee, sauti yako itatuumbua. Na nikifa, uvae kila siku. Hatajua kama nimeondoka."

"Jamani! Unasema hayo mbele yake?"

"Anasikia nini, huyu?"

Mkaguzi alikuwa chini ya meza ya cherehani, amewapa mgongo, akipanga vifungo kwa rangi zake. Kwa miezi walikuwa wameyasema yote hapo hapo: maumivu, jeneza, nani abaki na cherehani. Walimhesabu pamoja na viti.

Siku ya pili dada aliingia bila salamu, buluu kichwani mpaka miguuni, akinyata. Mwili ule kunyata ni kichekesho, na Fundi angecheka kama ubavu ungemruhusu. Dada akakaa mezani na Mkaguzi, akainua kijiko.

Mkaguzi alimtazama. Hakutazama gauni, alimtazama usoni, na Fundi pale kitandani akajiinua kwa kiwiko, kwa sababu macho ya mtoto yule hayakuwahi kutua usoni mwa mtu kwa muda kama ule. Kisha akanyoosha mkono, akavuta kilemba. Dada akafumba macho kungoja kelele. Hazikuja.

Mtoto akavuka chumba, akapanda kitandani, akakiweka kilemba juu ya kichwa cha mama yake. Kilikaa upande. Akakivutavuta mpaka kikakaa sawa.

"Mama hajafa," alisema.

Alisema bila hasira, kama mtu anayemsahihisha mwenzake aliyepotea njia. Akashuka, akarudi mezani, akaketi mbele ya dada.

"Mama mkubwa. Chakula."

Dada alimlisha. Nusu ya chakula ilimwagika kwenye lile gauni jipya, lakini mtoto alikula mpaka sahani ikaisha, na alipomaliza akaushika mkono wenye kijiko, akatulia nao.

Fundi aliyaona yote. Mkono aliouomba usiku na mchana ulikuwa umepatikana. Aligeukia ukutani akalia, na hakulia kwa furaha peke yake. Siku zote alijifariji kwamba atakapozikwa, mwanawe hatajua. Sasa alielewa kuwa mtoto amejua kitambo, na katika kujua huko hakuna aliyekuwa amemshika mkono.