DVD ya Upande wa Wanawake

Bi Kaltham alikuwa na DVD moja tu, na tangu binti yake Huwaida afariki aliiweka sandukuni pamoja na nguo za marehemu. Kila alipozifukiza nguo zile kwa udi, na diski nayo aliipitisha juu ya chetezo, kwani aliona si haki kuitenga. Haikumpitikia kuwa moshi wa udi una mafuta, na mafuta huganda.

Ilikuwa DVD ya harusi ya Huwaida, iliyofanyika hapa hapa Ibra, Omani, upande wa wanawake. Mpiga picha alikuwa mwanamke, na wanawake wa watu wamo humo vichwa wazi, na dhahabu zao, na mauno yao. Kwa hiyo Manar, mjukuu wake, alipotaka kuipeleka dukani ikanakiliwe kabla haijaharibika, bibi alikataa.

"Mashoga zangu walicheza humo kwa kuniamini, mwanangu. Nusu yao wameshatangulia mbele ya haki. Leo niwatie machoni mwa wanaume wa dukani?"

"Basi nitainakili mwenyewe, Bibi."

Manar alikuwa akisoma chuo cha pale mjini na akikaa kwa bibi yake. Baba yake, Adham, ni mtu wa Manah, mji mwingine wa Omani. Mama yake, Huwaida, alifariki Manar hajaanza hata kutambaa. Picha za mama alikuwa nazo tele. Alichokosa ni sauti, na hiyo ndiyo aliyoitafuta kwenye diski ile.

Kompyuta yake ilitumia Linux na haikuwa na pa kutia diski, kwa hiyo aliazima kifaa cha kusomea kwa mwenzake, Azza. Programu ya kwanza ya kunakili ilianza vizuri, ikafika mahali ikaganda, na kifaa kikawa kinakoroma.

"Huyo mgonjwa wenu anakata roho," alisema Tumu, mwanamke wa Tanga aliyekuwa akimsaidia Bi Kaltham kazi za nyumba.

"Tumu, funga mdomo."

"Nimefunga. Ila anakoroma kumshinda marehemu mume wangu."

Manar aliitoa diski, akaielekeza dirishani penye mwanga, kisha akaileta puani. "Bibi, mbona inanukia udi?"

Bi Kaltham alifahamu kabla ya kuelezwa. Akakaa kitandani, kiganja mdomoni. Manar alimtazama, akasema tu, "Inanukia vizuri," akaenda kuiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, akifuta kutoka katikati kwenda ukingoni bila kuzungusha. Bibi alimwona, na moyoni akamwombea dua.

Utando ulitoka, mikwaruzo ikabaki. Manar akasoma mtandaoni jinsi watu wengine walivyofanya, akaweka programu nyingine iitwayo ddrescue.

"Ile ya mwanzo ikikuta ubovu inang'ang'ania hapo hapo," alimweleza bibi yake. "Hii inaruka. Inachukua kwanza palipo pazima, halafu inarudi kwenye vibovu kidogo kidogo. Na inaweka alama ilipofika, hata umeme ukikatika haianzi upya."

"Kama kuchambua mchele."

"Hivyo hivyo."

Tumu, bila kuambiwa, aliibandika plasta swichi ya ukutani ili mtu asije akaizima kwa mazoea.

Kazi ilimalizika Ijumaa, siku ambayo Adham huja kumwona binti yake. Alipoambiwa kuna nini, alibaki majlisi, chumba cha wageni, na kahawa yake, akakigeuza kiti chake kielekee uani ili hata kwa bahati mbaya macho yake yasifike ndani. Hilo nalo Bi Kaltham aliliona.

Picha ilikuja, imekatikakatika hapa na pale, lakini Huwaida alikuwamo, hina mikononi, akicheka. Manar akasogeza uso. Akasikia muziki. Walisubiri wimbo uishe, ukaingia mwingine. Mpiga picha alikuwa amemwaga nyimbo juu ya filamu nzima, kama ilivyopendwa zama zile. Huwaida alinena, akaita, akajibu, na haikusikika hata herufi. Manar alitafuta kama kuna njia ya pili ya sauti kwenye nakala. Haikuwapo.

"Sauti ni hii moja tu, Bibi. Chini yake hamna kitu."

Pale kwenye picha Huwaida aliinama, akamnong'oneza mama yake.

"Anakwambia nini hapo?"

Bi Kaltham aliukodolea macho mdomo wa mwanawe. Angeweza kutunga neno, na mtoto angelipokea kwa mikono miwili. "Sikumbuki, mwanangu," akasema. "Wallahi sikumbuki."

Ikafika pahala bwana harusi anapoingia ukumbini. Wanawake wote walikuwa wameshavaa mabuibui na kujifunika, basi Manar akamwita baba yake. Adham alisimama mlangoni. Alikuwa na mke mwingine na watoto kule Manah, na kwa miaka yote hakuwahi kulitaja jina la Huwaida mbele ya binti huyu. Kwenye picha kijana mwenye jambia alikaa, na bibi harusi akainua uso, akamwambia neno fupi.

"Amekwambia nini, baba?" Manar aliuliza kwa Kiarabu.

Adham aliingia hatua moja, macho kwenye picha. Kiswahili hakukijua, hata shikamoo yake humchekesha Tumu jikoni.

"Ushakula?" akasema.

Hilo halikuwa tamko la mtu wa Manah. Lilitoka jepesi, mwisho wake ukavutwa na kupandishwa kidogo, na Bi Kaltham akashika ukingo wa kitanda, maana hivyo ndivyo mwanawe alivyokuwa akimuuliza kila mtu aliyeingia nyumbani.

"Siku ile sikumfahamu," alisema Adham kwa Kiarabu. "Nilicheka tu. Baadaye aliniuliza kila siku, mpaka mwisho."

"Sema tena," akasema Manar, macho kayafumba.

Akasema tena. Akaombwa tena, akasema. Muziki uliendelea, na hakuna aliyekumbuka kuuzima.