Aliyeshukia Mnarani

Saa mbili asubuhi, Nives Scarpa alikuwa ameshakaa kwenye basi la majini nje ya uwanja wa ndege wa Venisi, kiti cha mbele kabisa, na sanduku la bati mapajani. Safari kutoka Adelaide ilikuwa imemla siku nzima na ushee. Sanduku lenyewe halikuwa kubwa, urefu wake kama mkono mmoja, na juu ya kifuniko alikuwa amechongesha jina la mama yake: Elvira.

Kwao kisiwa cha makaburi ni kidogo na wafu ni wengi. Ukilazwa ardhini unapewa miaka kumi na miwili, kisha unafukuliwa. Jamaa yako akiwepo, hukabidhiwa mifupa aiweke kwenye kishubaka ukutani. Asipotokea mtu, mifupa humwagwa kwenye shimo la wote. Barua ya ofisi ya makaburi ilisema zamu ya mama yake ni leo, saa tatu na nusu. Kaka yake Alvise, ambaye angesimama kwa niaba yake, alikufa mwezi wa tatu.

Na Bi Elvira alikuwa amemwapisha. Alikuwa mtunga shanga wa mtaa wa Cannaregio, mwenye ulimi wa pilipili. Nusu ya mtaa aligombana nao, nusu iliyobaki hakusalimiana nao. "Nifanyeni mtakavyo," alimwambia Nives walipoagana, "ila msinichanganye na watu. Niwekeni na baba yenu." Nives aliapa. Hakuweza kurudi hata kwa mazishi, kwa kuwa alikuwa kitandani baada ya upasuaji, na jambo hilo lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki miaka yote hiyo kumi na miwili.

Ukungu ulikuwa mzito. Nguzo za mbao zinazoonyesha njia zilijitokeza moja moja, zikapotea. Kijana wa kamba, yule anayelifunga basi gatini, aliyeandikwa jina Denis kifuani, alimsogelea Nives akamsemesha Kiingereza, polepole na kwa sauti ya juu, kama watalii wanavyosemeshwa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ukiniuliza mimi.

"Nisemeshe vizuri wewe," Nives alimjibu kwa lugha ya mtaani kwao. "Nimezaliwa hapa kabla babako hajaota ndevu."

"Ah, samahani, mama! Nimeona koti la kigeni tu. Unashukia wapi?"

"Naenda makaburini. Nashukia Mnarani, hapo kisiwani Murano, nachukua boti ya kuvuka. Dakika saba nimefika."

"Leo usishukie Mnarani, mama. Ukungu ukiwa hivi boti za pale hazitembei. Kaa humu humu mpaka kituo kinachofuata, Fondamente Nove. Pale kuna boti yenye rada, inavuka."

"Kwenu wapi wewe?"

"Mestre."

"Nilijua tu! Mtu wa nchi kavu anifundishe mimi maji?"

Abiria wawili watatu walicheka, na Nives akakifurahia kicheko kile kuliko ilivyompasa. Denis naye akacheka. "Haya, mwenye maji yako. Lakini kawia ufike, mama. Kaa."

Angekaa angefika. Lakini mtu aliyeishi ugenini miaka thelathini na minane hana kitu anachokilinda kama haki ya kuitwa mwenyeji, na haki hiyo ilikuwa imeguswa mbele za watu. Basi lilipogusa gati la Mnarani, Nives alikumbatia sanduku lake akashuka, wala hakugeuka nyuma. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi.

Gatini palikuwa na bibi mmoja na kitoroli cha vitunguu.

"Boti ya makaburini inapita saa ngapi, bibi?"

"Haipiti, mwanangu. Na ukungu huu? Mimi nangoja upungue, sina haraka. Ungebaki kwenye hilo lililoondoka sasa hivi."

"Zamani ilikuwa inapita hata kwenye ukungu."

"Zamani!" Bibi alicheka. "Zamani nahodha alipiga honi na kumwomba Mungu."

Nives alipiga simu ofisi ya makaburi. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena. Kisiwa chenyewe kilikuwa karibu mno, hata kengele yake ilipogonga saa tatu na nusu aliisikia vizuri. Alisogea ukingoni akapaza sauti: "Nisubirini!"

Bibi alimshika mkono. "Hawakusikii, mwanangu." Nives akalia pale pale, bila kujali nani anamwona.

Basi lililofuata lilikuja saa nne na robo, likampeleka Fondamente Nove, na hapo akapanda boti yenye rada. Alipofika makaburini ilikuwa saa tano kasorobo, na mchimbaji, mtu mzima aitwaye Ermes, alikuwa anaosha koleo.

"Elvira Scarpa," Nives alisema.

Ermes alitazama sanduku, kisha akatazama chini. "Tulingoja mpaka saa nne, mama. Jina tuliliita mara tatu."

"Yuko wapi?"

Alionyesha kwa kidevu mfuniko wa jiwe nyuma ya ukuta.

"Mtoeni."

"Humo hatoki mtu, mama. Wamo wengi. Sitajua nani ni nani."

"Lakini nimekuja. Mimi ni binti yake, nimekuja!"

"Umekuja, mama," Ermes alisema taratibu. "Naona umekuja."

Alimpeleka kwenye kishubaka cha baba yake. Kwenye marumaru Alvise alikuwa ameshachongesha majina mawili, la baba na la mama, lakini nyuma ya jiwe hilo alilala mtu mmoja tu. Nives aligusa jina la pili kwa kidole, akaomba radhi kwa sauti mpaka maneno yakamwishia.

Mchana, ukungu ukiwa umeondoka, alivuka tena hadi Fondamente Nove, akapanda basi la majini la kwenda katikati ya mji. Aliyeshika kamba alikuwa Denis. Kijana aliliona sanduku, akavua kofia, akanyoosha mikono miwili kulipokea, kwa heshima anayostahili marehemu. Alipolinyanyua, likaja juu upesi mno. Akamtazama Nives, akamrudishia kwa mikono miwili ile ile.

Nives alikaa kiti cha nyuma kabisa. Nyumba ya Alvise ilikuwa na wapangaji sasa, na mjini humo hakuwa tena na mlango wa kubisha.

"Niambie wewe, mwanangu," alisema. "Nishukie wapi?"