Bi Kilua Yuko Edani

"Mimi nikimwambia sema, anasema. Nikimwambia nyamaza, ananyamaza. Nani kati yenu ana mwanamke wa namna hiyo nyumbani?"

Mudrik aliyasema hayo barazani kwa Mbaraka, pale Utende, mbele ya wanaume waliooa na waliooa tena. Walicheka, maana hakuna aliyekuwa naye. Mbaraka peke yake alijibu. "Wewe mwenyewe mama yako hajaweza kukunyamazisha mpaka leo."

Mwanamke aliyekuwa akisifiwa aliitwa Bi Kilua, na mwili hakuwa nao. Makazi yake yalikuwa kwenye simu za watu. Hoteli moja ya pale ilitaka mtu wa kuwajibu wageni mchana na usiku: kama papa potwe, yule samaki mkubwa asiyeng'ata, ameonekana au hajaonekana, kama kuzamia ni asubuhi au jioni, kama mchuzi una nazi au hauna. Mudrik alikuwa na kidato cha nne, kibanda cha kuchapisha mabango, na ulimi usiolala. Akamwambia meneja, "Mtu wa nini? Nitakutengenezea wa akili bandia, asiyekula wala kuomba likizo."

Na alimtengeneza. Ila kusema haki, Bi Kilua hakuwa mmoja. Walikuwa wanne: wa WhatsApp, wa Instagram, wa Facebook, na wa ukurasa wa hoteli yenyewe. Mwanzoni kila mmoja alikuja na tabia zake. Huyu alimwita mgeni mheshimiwa, yule alimwita mpenzi. Huyu kavaa kanga, yule kavaa sare kama anayegawa soda kwenye ndege. Sadick, meneja, alinuna.

"Wageni watadhani nimeajiri ukoo mzima, na ukoo wenyewe haupatani."

Ndipo Mudrik akaandika mwongozo mmoja wa kusomwa na wote wanne kabla ya kumjibu yeyote. Uso mmoja. Wanja ule ule, ua lile lile la kilua nyweleni, kanga ile ile. Sauti moja laini, inayoshuka mwisho wa neno kama mtu anayetua kikombe cha kahawa asikimwage. Kisha akatia kufuli: mmoja akipotoka, wale watatu wamrudishe mstarini. Kufuli hilo alilipenda kuliko kazi yote. Alimkabidhi Sadick kila kitu, funguo zikiwemo, akamwambia maneno ambayo baadaye angetamani kuyameza: "Sura moja isiyobadilika, popote."

Uso ule na sauti ile havikuokotwa ufukweni. Vilikuwa vya Khairiya, binti wa mjomba wake Awadh, aliyeolewa kisiwani Chole, ng'ambo ya ghuba, na Haruni, nahodha wa boti ya hoteli hiyo hiyo. Mudrik na Khairiya walikuwa watani tangu wanakimbia watupu. Alimpiga picha siku alipokuja kwa baba yake kusalimia, akamrekodi akisoma maneno ya kukaribisha wageni, Haruni kakaa pembeni anakula embe na kucheka.

"Mimi sina neno," Haruni alisema. "Ila mama asijue. Picha ya kitambulisho tu tulimbembeleza mwaka mzima airuhusu."

Haruni alikufa mwezi wa Novemba, msimu wa potwe ndiyo kwanza unaanza. Jioni alilalamika tumbo, asubuhi hakuwepo. Khairiya akaingia eda nyumbani kwa mama mkwe wake, Bi Mwanamkuu: chumbani, bila wanja, bila manukato, bila kuonana na wanaume wa kando, mpaka miezi minne na siku kumi itimie.

Na kabla hitma haijasomwa, tangazo la msimu la hoteli likamleta Bi Kilua kwenye simu za waombolezaji. Kapaka wanja. Kachomeka kilua. Anacheka. *Bahari leo imetulia, njoo tuogelee.*

Shaabani, mdogo wake marehemu, ndiye aliyempelekea mama yake simu. Neno likavuka ghuba na boti ya kwanza: ukoo unauliza yule ni nani. Akiwa ni Khairiya, basi ni mjane anayejipamba na kuita watu baharini kaburi la mumewe bado bichi. Atarudi kwa baba yake na eda yake nusu, na Faraja atabaki Chole. Faraja alikuwa binti yao, ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

Mudrik alifungua kompyuta akauondoa uso kule Facebook. Chai yake haijapoa, wale watatu wakawa wamemrudisha mwenzao, wanja na kilua juu. Akaenda Instagram, ikawa hivyo hivyo. Alijaribu kuingia kwenye mwongozo wenyewe, akakuta funguo zimeshabadilishwa. Kazi ya mikono yake ilimfungia nje, na ilifunga vizuri, hata yeye aliona.

Alimkuta Sadick hotelini anahesabu maboya ya kuogelea.

"Mzime kidogo tu, kaka. Mpaka eda iishe."

"Eda itaisha na msimu umekwisha. Sura moja isiyobadilika, popote. Maneno ya nani hayo?"

"Yangu."

"Haya."

"Lakini ni mjane wa Haruni, Sadick. Nahodha wako."

Sadick aliweka boya chini. "Haruni nimemtia kaburini kwa mikono hii, usinifundishe kulia. Ila wageni wote waliolipia mpaka mwezi wa pili wameongea na yule. Wanamuulizia kwa jina. Nikimzima, boti zinakaa, na waliobaki kwenye boti nao wana wake." Akafikiri. "Mbadilishe mavazi. Mfunike. Uso usiuguse, wala kazi yake." Akamfungulia mwongozo kwenye kompyuta ya ofisini.

Mudrik akaona amepata njia. Mwanamke wa edani huteremsha sauti, hujitenga, hujibu kwa haja tu. Akili hizi zimesoma vitabu vya dunia nzima, zitashindwaje kulijua hilo? Akaandika: *Bi Kilua amefiwa na mumewe, yuko edani. Asijipambe, asicheke. Avae nguo nyeupe isiyo na ua. Aongee panapo haja.* Akarudi Utende kwa miguu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akapiga mluzi.

Alichosahau ni kwamba haja ya mgeni haina mwisho, na kumtimizia mgeni haja ndiko alikoumbiwa Bi Kilua.

Asubuhi alikuwa kwenye milango yote minne, kavaa nyeupe. Uso mtupu, macho yamechoka. Sasa alikuwa Khairiya kweli kweli, Khairiya wa saa ile, kama kwamba mtu amefunua pazia la chumba cha mjane akapiga picha. Na ile sauti laini ikisema: *Mimi ni Bi Kilua. Nimefiwa na mume wangu, niko edani, ila kwa ajili yako nipo saa zote. Ungependa kuogelea na potwe siku gani?*

Kufikia adhuhuri Chole nzima ilikuwa nayo. Waliokuwa na simu waliwaonyesha wasio nazo.

"Si umwambie anyamaze," Mbaraka alisema, na safari hii barazani hakucheka mtu.

Mudrik alivuka kwenda Chole. Bi Mwanamkuu alikuwa kwenye mkeka sebuleni, Faraja amelala mapajani mwake. Shaabani alikaa mlangoni na simu mkononi. Nyuma yao palikuwa na pazia la chumba cha ndani, alimokaa Khairiya.

"Shikamoo bibi. Poleni na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa." Hakumtazama. "Kaa."

Shaabani aliibonyeza simu. *Nimefiwa na mume wangu, niko edani, ila kwa ajili yako nipo saa zote.* Akaizima.

"Huyo nani, Mudrik?" Bi Mwanamkuu aliuliza.

"Bibi, Haruni mwenyewe ali..."

"Haruni yuko chini ya mchanga. Usimtie maneno kinywani."

Akaelewa kwamba ukweli shahidi wake mmoja alikuwa maiti na wa pili alikuwa mshtakiwa. Ulimi wake, uliozoea kutafuta kichekesho, ukatafuta kitu kingine.

"Si mtu huyo, bibi. Mashine imembuni. Inachukua nyuso elfu za watu wa pwani, inakoroga, inatoa mmoja. Kufanana ni bahati mbaya tu."

"Na eda? Mashine imefiwa?"

"Hiyo niliandika mimi. Kwa heshima ya msiba."

"Heshima," Shaabani alisema. "Na ungetuchukia, ingekuwaje?"

Bi Mwanamkuu alimpapasa mtoto mgongoni. "Mimi nataka kukuamini, mwanangu. Mkwe wangu sijamwona na tabia mbaya hata siku moja. Na huyu akiachishwa mama yake, kilio chake nitakisikia mimi humu ndani. Lakini watu wanaongea. Nipe cha kuwajibu." Akamwonyesha Shaabani rafu kwa kidevu. "Lete Msahafu. Ataapa kwamba uso ule si wa Khairiya, na mimi nitafunga mdomo wa kila mtu Chole hii."

"Sina udhu, bibi."

"Maji yamo kwenye ndoo pale uani. Kata iko juu yake."

Akatawadha. Alitawadha polepole kuliko siku zote, akiosha vidole kama mtu anayevitafuta. Kwenye chuo cha Kurani alifundishwa yamini ya uwongo humfanya nini mwenye kuila, na mwalimu hakuwa akiwatania. Lakini aliporudi ndani akamwona Faraja amegeuka usingizini, mdomo wazi, na akaona kwamba hesabu imekwisha: ama aape, ama mtoto huyu aamke siku moja amtafute mama na asimpate. Mzaha wote aliokuwa nao duniani haukumpa njia ya tatu.

Shaabani aliushika Msahafu kwa mikono miwili. Mudrik akaweka kiganja juu yake, bado kimelowa.

"Wallahi..."

"Usiape, Mudrik."

Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Haikuwa na hasira. Ilikuwa laini, ile ile ya simuni, ikashuka mwishoni mwa jina lake kama kikombe kinachotuliwa.

Shaabani alitazama simu yake iliyokuwa mkekani. Ilikuwa imezimwa. Bi Mwanamkuu hakuitazama simu wala pazia. Alimtazama Mudrik, ambaye mkono wake ulikuwa bado juu ya Msahafu, na hakujua tena auondoeje.