Kiitaliano cha Minto

Ornella hakumdanganya mtu. Hilo tulimalize mapema, kabla unga haujatua mezani. Jina lake ni Ornella, na alipewa na mama yake huko Bukavu, aliyelipenda kwa sababu huwezi kulitamka ukiwa umekunja uso. Kazi yake ni tambi. Miaka sita amekuwa akitengeneza tambi mbichi katika kiwanda kimoja cha Smithfield, jijini Sydney, na mitano kati ya hiyo alifundishwa na Signora Assunta, bibi wa Puglia, kusini mwa Italia, mwenye mikono kama mizizi ya tangawizi. Kwa hiyo alipoona tangazo la ukumbi mmoja wa mapishi huko Seven Hills, kwamba anatafutwa mwalimu wa tambi za kiasili za Kiitaliano kila Jumamosi, aliandika mistari miwili ya kweli tupu. Ninaitwa Ornella. Nimesokota tambi kwa mkono kwa miaka mitano, chini ya bibi wa Puglia.

Uongo, kama upo, uliingilia mlango wa simu.

Aliyempigia ni Leanne, msimamizi wa ukumbi, mwanamke anayeongea kama mtu anayekimbilia treni. "Jina zuri hilo! Sikiliza, tutengeneze sauti fupi ya tangazo. Wakaribishe watu jikoni. Sema chochote, kwa lugha yako."

Kwa lugha yako. Ornella alisimama katikati ya jiko lake la Minto, simu sikioni, akajiuliza lugha yake ni ipi. Mashi ilikuwa ya bibi yake. Kifaransa kilikuwa cha shule, na kilikuja na fimbo. Kiingereza kilikuwa cha bosi. Iliyobaki ni ile aliyochekea, akagombania, akatongozewa. Akavuta pumzi, akatamka polepole, kwa madaha:

"Karibuni wote jikoni kwangu. Naweni mikono, vueni pete, fungeni midomo."

Upande wa pili Leanne akashusha pumzi ndefu. "Mungu wangu. Kiitaliano ni lugha tamu jamani."

Armel, mumewe, aliyekuwa mezani anakula, alikabwa na muhogo. Ornella akamtazama Armel. Akaitazama simu. Neno moja lingetosha kunyoosha mambo, na neno hilo alikuwa nalo, liko tayari kwenye ncha ya ulimi.

"Asante," akasema.

Alipokata simu Armel alikuwa bado anakohoa. "Chérie, utamwambia lini huyu maman?"

"Nimwambie nini? Ameomba lugha yangu, nimemupa lugha yangu."

"Anafikiri uko Mwitaliano!"

"Ni masikio yake njo iko na shida. Hapana mdomo yangu."

"Batakufukuza."

"Basi banifukuze nikiwa nimeshika unga," akajibu Ornella, na hapo hakuwa anatania. Kiwandani, tangu mashine mpya ifungwe, mikono yake haigusi tena unga. Husimama kuanzia saa kumi na moja alfajiri, kofia ya wavu kichwani, akitazama pakiti zikipita mbele yake, na kazi yake yote ni kutoa ile ambayo haikufungwa vizuri. Assunta amestaafu. Juzi Ornella alijaribu kusokota tambi nyumbani akakuta kidole gumba kinasitasita, kama mtu aliyesahau jina la jirani. Hilo ndilo lililomtisha. Somo la kwanza la Seven Hills lilikuwa la majaribio. Wanafunzi wakiridhika, Jumamosi zote za mwaka ni zake, na zile pakiti zitatafuta mtu mwingine wa kuzitazama.

Jumamosi ilipofika, Leanne alikuwa ameacha mlango wazi na ujumbe kwamba atakuja mchana kuonja. Wanafunzi tisa walikuwa wamezunguka meza ndefu, aproni shingoni. Ornella alipoingia na mfuko wake wa unga, walimtabasamia kwa adabu, kisha wakaendelea kuutazama mlango nyuma yake.

"Signora Ornella yuko njiani?" akauliza mama mmoja mwenye miwani myekundu.

"Amefika," akasema Ornella. "Ndiye huyu unayemuona."

Tabasamu tisa zikaganda usoni. Watu wa Sydney wana adabu yao. Wangekaa hivyo hadi Krismasi bila mtu kuthubutu kuuliza. Aliyewaokoa ni bwana mmoja mrefu aliyekuwa amekuja na kifimbo chake mwenyewe cha kusukumia unga, amekifunga kwa kitambaa kama kichanga. Aproni yake ilidariziwa jina la shule ya mapishi ya Bologna. Kabla hata ya kunawa mikono alikuwa amekwisha kuwaeleza wenzake kwamba mwaka jana, likizoni, alichukua somo la kiasili huko huko Italia, saa tatu nzima. Ornella alimbatiza moyoni: Bwana Bologna.

Bwana Bologna akamkagua mwalimu kuanzia kilemba hadi viatu, akawageukia wenzake, akanong'ona kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika. "Ni wa kusini."

"Kusini kabisa," akakubali Ornella, akamwaga unga mezani.

Ulikuwa unga wa ngano ngumu, wa njano, wenye chenga kama mchanga laini. Akatoboa shimo katikati, akamimina maji ya uvuguvugu.

"Na mayai?" akauliza Bwana Bologna.

"Hakuna mayai."

"Samahani, lakini nilikofundishwa mimi, unga kilo moja, mayai kumi. Tambi bila mayai si tambi."

"Hiyo ni Bologna," akasema Ornella. "Leo tuko Puglia. Aliyenifundisha alikulia kwenye nyumba ambayo yai likionekana, lilipelekwa sokoni. Kanda."

Wakakanda. Jikoni palianza kusikika ile milio mizuri ya viganja juu ya unga, na Ornella akahisi mabega yake yakishuka. Vidole havikuwa vimesahau. Vilikuwa vimenuna tu. Alimsogeza huyu kiwiko, akamwambia yule atumie uzito wa mwili, akamcheka mama wa miwani myekundu aliyekuwa akiupapasa unga kama paka. Mama akacheka naye. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno.

Bwana Bologna hakupenda. Alinyoosha mgongo, akakohoa, akaachia sentensi ndefu ya Kiitaliano, ile ya kitabu cha watalii, yenye kusimama kila baada ya neno kuangalia kama njia ni salama. Mwishoni ilipanda juu, kwa hiyo ilikuwa swali. Kwa miaka mitano Assunta alikuwa amemwachia Ornella majina ya tambi na matusi mawili tu, na humo katika lile swali hakusikia hata moja. Wanafunzi wote wakamgeukia.

Sasa, Ornella ana shetani. Ni mdogo, hana madhara makubwa, ila hapendi kukaa bure. Ornella akaweka mkono mmoja kiunoni, mwingine akauzungusha hewani juu ya donge la unga, akasema kwa upole mkubwa, kwa lugha yake:

"Papa, weye ulisoma masaa tatu, unataka kunifundisha mie? Ebu toa tumbo lako kwenye meza yangu."

Bwana Bologna akatikisa kichwa taratibu, macho nusu yamefumbwa. Hilo "papa", yaani baba kwa Bukavu na kwa Italia pia, alikuwa amelisikia vizuri, likamtosha. Akawageukia wenzake.

"Anasema," akatafsiri, "unga sasa uachwe upumzike."

Wakaandika. Watu wazima, kalamu mkononi, wakaandika kwamba unga uachwe upumzike. Na kwa bahati mbaya au nzuri, ilikuwa kweli unga ulihitaji kupumzika, kwa hiyo Ornella akaufunika kwa kitambaa, uso mkavu kama sinia.

Mwisho wa meza, mwanamke mmoja kijana aliuma pindo la aproni yake. Huyo aliitwa Gakii, nesi kutoka Meru, ambaye wenzake wa wodini walimnunulia somo hili kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo. Ornella alidhani ni mtu wa haya.

Unga ulipokwisha kupumzika wakauviringisha kuwa kamba nyembamba, wakaikata vipande vidogo kama kunde. Kisha likaja somo lenyewe. Unakandamiza kipande kwa kisu butu, unakivuta kuelekea kwako, kinajikunja. Halafu unakigeuza juu ya kidole gumba, na mkononi una sikio dogo. Waitaliano nao huviita hivyo hivyo, visikio. Ornella alivitoa kimoja baada ya kingine, tap, tap, tap, bila kutazama. Mama wa miwani myekundu alipopata cha kwanza alipiga kelele kama amezaa.

Vya Bwana Bologna vilipasuka. Vingine vilibanduka vipande, vingine vilijikunja vikawa kama sigara. Alikuwa anavikandamiza kwa kile kifimbo chake. Alipoona mwalimu amesimama nyuma yake alijihami mapema kwa Kiitaliano, maneno matatu hivi. Yule shetani tayari alikuwa amekaa mkao wa kula.

"Lo, papa," akasema Ornella kwa huruma. "Hii ni masikio ya mutu amepigwa ku baa na bibi yake."

Bwana Bologna akatabasamu kwa unyenyekevu. "Anasema," akawaambia wenzake, "vyangu vina tabia ya pekee."

Ndipo Gakii alipolipuka. Aproni ilimponyoka mdomoni, na kicheko kikatoka chote kwa mpigo, hadi akashika meza asianguke. "Wee madhe! Utaniua! Si umemchoma huyu buda vibaya! Na vile anatafsiri, aki, anatafsiri!"

Ornella naye akashindwa. Alicheka huku amejishika mbavu, unga ukimpaka gauni lote.

Mama wa miwani myekundu akawatazama kwa zamu, amefurahi bila kujua sababu. "Kumbe na wewe unajua Kiitaliano?" akamuuliza Gakii.

"Kiitaliano gani?" akasema Gakii kwa Kiingereza, ulimi ukiiwahi akili. "Hicho ni Kiswahili." Kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Hakuna aliyemtazama Ornella. Wote walimtazama Bwana Bologna. Alianza kuiva masikioni, akashuka mashavuni, akafika shingoni. Mtu mmoja alilitazama daftari lake, pale alipoandika kuhusu unga kupumzika, akakohoa kuficha cheko.

"Nitaongea na msimamizi," akasema Bwana Bologna.

"Utaongea ukiwa umeshiba," akasema Ornella. "Maji yanachemka."

Akavimimina visikio ndani, akakaanga kitunguu saumu na dagaa wa chumvi kwenye mafuta, akatupia brokoli, akachanganya vyote. Wakala. Mama wa miwani myekundu alimbana Gakii hadi akayatafsiri yote, tumbo na baa. Bwana Bologna alikula kwa hasira, sahani mbili, ya pili akaifuta kwa mkate.

Leanne alipoingia, bado ana miwani ya jua usoni, alikutana na yule bwana mlangoni. Bwana Bologna alisema yote: tangazo, Kiitaliano, tumbo, baa. Sehemu ya tafsiri aliiruka, lakini mama wa miwani myekundu alimkumbusha. Leanne alimsikiliza huku anamtazama Ornella, na usoni alikuwa kama mtu anayeirudia kichwani ile simu yao neno kwa neno.

"Nilikuambia useme kwa lugha yako," akasema taratibu.

"Nikasema kwa lugha yangu," akasema Ornella.

Leanne akachukua uma, akaonja moja kwa moja kutoka kwenye sufuria. Akaonja tena. Akamvuta Ornella pembeni, hatua mbili tu, ambako bado kila mtu alisikia.

"Ni vitamu kupita kiasi," akasema. "Nalitaka darasa hili liwe lako. Kila Jumamosi, kuanzia wiki ijayo, na tangazo nitalibadilisha mimi. Lakini huyu bwana ataandika mtandaoni, na ukumbi huu unaishi kwa yanayoandikwa. Mwombe radhi. Neno moja tu, yaishe."

Mwisho wa meza, Gakii alikuwa anamtikisia kichwa kwa nguvu: sema, sema, iishe. Bwana Bologna alikuwa amekunja mikono juu ya aproni yake, amesimama wima, kama mtu anayesubiri kuvishwa nishani.

Ornella alijua neno lenyewe, sorry, lilivyo jepesi. Kwa Kiingereza cha Sydney kila mtu hulitumia akimgusa mwenzake begani dukani. Angelisema, na Jumatatu angemwachia meneja wa kiwanda ile kofia ya wavu. Alilitafuta mdomoni. Akamtazama yule bwana, akaona tena uso wake akitafsiri, ulivyotulia, ulivyokuwa na uhakika, na akahisi kicheko kingine kinapanda kutoka tumboni. Akakizuia, kwa sababu jambo alilotaka kusema alitaka lisikike vizuri.

Akafuta mikono kwa aproni, kidole kimoja kimoja.

"Leanne," akasema kwa Kiingereza, bila haraka, ili pasihitajike mkalimani, "darasa hili nalitaka kuliko unavyodhani. Nikilikosa, Jumatatu nitalia chooni, kisha nitatoka nitazame pakiti. Lakini uliniomba lugha yangu nikakupa. Watu wamejifunza, wamekula, wameshiba. Na huyu papa nilimwambia maneno mawili ya kweli, akayageuza yeye mwenyewe." Akamgeukia Bwana Bologna, akamtazama machoni. "Siombi radhi."

"Ornella, tafadhali," akasema Leanne.

"Nimesema siombi," akasema Ornella, akavua aproni, akaukunja mfuko wake wa unga.