Mikono ya Wifi Juu ya Maji

Wifi yangu ananichukia, nami sitajifanya nampenda. Ni dada wa mume wangu, na kwa mkosi wangu tunafanya kazi maabara moja. Mkataba wa mwakani ni mmoja tu. Nikiukosa, narudi kukaa nyumbani na mama mkwe, ambaye wiki nzima kaninunia kwa sababu losheni yake ya mawaridi imepotea na wifi kamwambia mwizi ni mimi.

Ubishi wetu wa kazini ulikuwa juu ya fosfolipidi, mafuta yenye kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Ukiyadondosha juu ya maji yanatanda utando mwembamba, vichwa majini, mikia hewani. Mimi nilisema vichwa vikubwa vinadai nafasi, vidogo vinabanana bila shida. Wifi akashikilia kwamba mikia ikiwa ileile, kichwa hakibadilishi kitu. Profesa akachoshwa na kelele zetu.

"Pimeni mbele yangu. Atakayekosea asiniulize habari za mkataba."

Nikaosha sinia la kupimia, nikajaza maji safi. Kugeuka kuchukua sindano ya kudondoshea mafuta, wifi keshaidaka.

"Hebu pisha, usije ukatutia aibu."

Akadondosha mafuta ya kichwa kikubwa, huku vidole vyake vikiwa majini vikirekebisha vizuizi viwili vinavyousukuma utando. Namba ya mgandamizo kwenye kipimo ikapanda mapema, ishara kwamba utando umeshabanana. Akanyonya utando kwa pampu, akadondosha ya kichwa kidogo, vidole vilevile majini. Namba ikapanda mapema vilevile.

"Umeona?" Meno yote nje. "Midomo yote ile, bure!"

Profesa alishaanza kuvua koti.

"Profesa, naomba tubane maji matupu."

Wifi akacheka, lakini Profesa akakubali. Nikanyonya utando, nikasogeza vizuizi. Maji matupu hayana cha kubanwa, namba ilitakiwa ilale sifuri. Ikapanda.

"Kuna uchafu," akasema Profesa. "Sinia kaosha nani?"

"Yeye!" Wifi akanisukumia kidole puani. "Hata vyombo nyumbani anaosha hivyohivyo!"

Kidole kilinukia mawaridi. Loo! Nikaosha sinia upya mbele yao, nikamwaga maji mapya, nikabana. Sifuri.

"Haya wifi, chovya kidole."

"Mimi ni mtoto wako?"

"Chovya," akasema Profesa.

Akaitia mikono mifukoni.

Profesa akanikabidhi sindano. Kichwa kikubwa, namba ikapanda mapema. Kichwa kidogo, vizuizi vikaenda, vikaenda, namba imelala tu, mpaka utando ulipobanwa hasa ndipo ikaruka. Profesa akatazama ile mifuko ya koti la wifi, akaniambia nimfuate ofisini nikasaini.

Wifi akatoa simu, akampigia mama yake, akaweka spika makusudi nisikie nitakavyotukanwa.

"Mama, huyu mkweo kaninyang'anya kazi! Kanidhalilisha mbele ya bosi, eti mikono yangu michafu, eti losheni imeharibu maji!"



"Losheni gani?" akauliza mama mkwe.

Wifi akabonyeza kuzima spika. Kidole kikateleza.

"Nakuuliza wewe," sauti ikajaa maabara nzima. "Losheni gani?"