Rangi ya Geti la Kina Byron

Wazo la rangi lilikuwa langu. Naliandika hapa mwanzoni kwa sababu kwenye ripoti ya kikundi halimo, na Byron, kiongozi wetu, amenisihi mara tatu nisilitaje popote. Byron ni mtu wa kusihi. Mimi ni Musimbi, mwaka wa tatu chuoni, na kunyamaza hakujawahi kunikaa vizuri.

Mradi wenyewe ulihusu maendeleo endelevu. Kila kikundi darasani kilipewa lengo moja kati ya yale kumi na saba ya dunia nzima, kiende nyanjani, kirudi na fomu arobaini zilizojazwa. Wengine walipata maji, wengine njaa. Sisi tulipata miji na makazi salama, tukapewa mtaa wa Munyaka, fomu za maswali ishirini, na rifleta, vile vizibao vya kijani vinavyong'aa, ili magari yasitugonge. Tulijiona watu wa maana sana ndani ya zile rifleta. Marvin alikuwa akijipiga picha hata akifunga kamba za viatu.

Shida ni kwamba mchana watu wa Munyaka wako kazini. Unabisha mlango, unajibiwa na kuku. Ikabidi tutie alama kwenye nyumba tulizokosa wenyewe, ili turudi siku nyingine. Jumatatu tulitumia chaki, na saa tisa mvua ya Eldoret ikanyesha kama kawaida yake, ikaosha kila kitu. Jumanne asubuhi nikasema, si tutumie rangi tu? Kwa kina Byron kulikuwa na kopo lililobaki walipopaka geti. Rangi yenyewe ilikuwa nyekundu. Tukaweka X kubwa na nambari pembeni, nyumba tano, zote za mabati, zote kando ya barabara.

Kila Mkenya anajua X nyekundu ukutani maana yake nini. Nyumba imeingia kwenye barabara na tingatinga linakuja. Sisi pia tulijua, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Marvin alirudi nyuma hatua mbili, akaitazama ile ya tatu, akasema, "Wasee, mtu akitoka job apate hii, si atazirai?" Tukacheka. Nilicheka mimi kuliko wote, brashi mkononi, halafu nikaenda kupaka ya nne.

Ya nne ilikuwa ya Mama Nyakio.

Alhamisi tuliporudi na fomu zetu, tulisikia nyundo kabla hatujafika. Juu ya paa alikuwa fundi mmoja anayeitwa Gerishon, aking'oa misumari. Nusu ya mabati yalikuwa tayari yameshuka na kupangwa vizuri kwenye ukuta. Chini, Mama Nyakio mwenyewe, wa miaka sitini na kitu, kitambaa cha kanisa kichwani, alikuwa ameketi kwenye kigoda akinyoosha misumari iliyopinda juu ya jiwe, mmoja baada ya mwingine, na kuitia kwenye mkebe wa mafuta ya Kimbo. Alituona, akaziona rifleta zetu, akaacha kugonga.

"Mmekuja mapema hivi," alisema. "Jirani aliniambia huwa mnapeana siku saba."

Nikachuchumaa mbele yake. "Mama, shikamoo. Mama, hakuna mtu anabomoa. Sisi ni wanafunzi. Hiyo alama tuliweka sisi, kukumbuka tu kwamba hatukukupata."

"Najua ni nyinyi. Watu waliwaona."

"Ni ya masomo, Mama. Tunahesabu tu nyumba, tunauliza watu wanaishi aje."

"Sasa kabla ya kubomoa," aliuliza bila ukali wowote, "si huwa wanatuma watu wa kuhesabu?"

Nilimwangalia Byron, naye akaangalia fomu zake.

Nikafanya jambo la kwanza lililonijia. Nilimtuma Marvin kituo cha boda boda akaombe petroli kidogo kwenye chupa, nikachukua kitambaa, nikaisugua ile X mpaka mkono ukafa ganzi. Ilibaki doa la waridi. Wanawake wawili waliokuwa wakipita walisimama wakanitazama, mmoja akamwambia mwenzake kwa sauti ya kusikika kabisa, "Huyu ameongea nao vizuri. Yake imefutwa." Mama Nyakio akatikisa kichwa kwa aibu, kana kwamba nimemtia kwenye hongo asiyoijua, na akamwambia Gerishon aendelee.

Tukampigia simu mwalimu wetu, Daktari Wahome. Alikasirika, na alikuwa na haki. Baadaye akaandika barua kwa karatasi ya chuo, akaigonga muhuri, na Ijumaa asubuhi nikaipeleka mbio Munyaka nikidhani nimebeba dawa. Mama Nyakio alivaa miwani, akasoma pole pole kwa kidole. Barua ilieleza kwamba wanafunzi wanafanya utafiti wa kusaidia kuboresha makazi ya mijini. Kidole chake kikasimama hapo.

"Kuboresha," alisema. "Na iko na muhuri."

"Mama, muhuri ni wa kuonyesha ni ukweli!"

"Ndiyo. Naona ni ukweli."

Nilitaka kulia, na pia, nikisema kweli, nilitaka kumtikisa mabega. Kuta mbili zilikuwa zimebaki. Bado angeweza kusema basi, rudisha, na Gerishon angerudisha yote kwa siku moja. Nikaenda mpaka ofisi ya naibu wa chifu, nikangoja saa tatu kwenye benchi, nikarudi naye. Mtu mzuri tu, alikuja kwa miguu. Akasimama mbele ya zile kuta mbili na kutangaza kwamba yeye hana habari yoyote ya kubomoa.

"Asante, Mzee," Mama Nyakio alimjibu. Alipoondoka, akanivuta mkono nikae karibu naye kwenye rundo la mbao.

"Musimbi. Si ni Musimbi? Nikuambie kitu, ndio usijisumbue tena. Ile Desemba ya uchaguzi, elfu mbili na saba, nilikuwa naishi upande ule mwingine wa mji. Watu walianza kuhama, wakisema nyumba zitachomwa. Mimi niliuliza. Niliuliza chifu, akasema hana habari. Niliuliza msichana mmoja mwalimu, alikuwa mpole kama wewe, akaniambia, Mama, kaa, hakuna kitu. Hakuwa ananidanganya. Hata yeye hakujua. Nikakaa. Nilitoka pale na nguo nilikuwa nimevaa na kufuli mkononi. Nililala na hiyo kufuli kwa hema ya wakimbizi miezi saba, na mlango wake ulishaungua." Alichukua msumari, akaugeuza, akauweka sawa kwenye jiwe. "Saa hii natoka na mlango."

"Lakini hii si hiyo, Mama."

"Wewe huwezi jua."

Hilo ndilo lililonimaliza. Nilikuwa ninajua. Katika Munyaka nzima, labda katika Kenya nzima, nilikuwa mtu mmoja anayejua kwa hakika kwamba hakuna tingatinga linalokuja kwa ile nyumba, kwa sababu brashi nilishika mimi. Na ujuzi huo haukuwa na kazi yoyote. Kila nilichosema kilikuwa kimeshasemwa na mtu mwingine mzuri, zamani, na yule mtu alikuwa amekosea.

Ile ploti aliinunua kwa karatasi ya makubaliano tu, hati hana. Mtu wa karatasi ya makubaliano anailinda ardhi yake kwa kukaa juu yake. Nilimwambia hata hilo, kwamba akiondoka hatarudi. Alisema anajua. Kaka yake yuko Ol Kalou, ana pembe ya shamba, atasimamisha chumba kimoja huko.

Jumamosi tulienda bila rifleta. Byron hakutaka. Alisema tumebakisha fomu sita na tarehe haingoji, nikamwambia neno ambalo sitaliandika, akaja. Pikapu ilikuwa imeshafika. Hakukuwa na kitu kingine cha kufanya, kwa hiyo tulipakia. Nyumba niliyokuwa nimejaribu siku mbili kuizuia isianguke, niliibeba kwa mikono yangu mwenyewe, bati moja moja, na kuipanga kwenye gari. Marvin alibeba milango, wa mbele na wa nyuma. Hakufanya mzaha hata mmoja siku ile, wala hajarudi kuwa Marvin yule tangu hapo. Lile bati lenye doa la waridi nililitafuta ili nilifiche chini kabisa, nikakuta Gerishon amelitanguliza juu, likiangalia mbinguni.

Kabla hata hatujamaliza kufunga kamba, kuna mwanamume alikuwa amesimama kwenye kona ya ploti na futi ya kupimia. Hakutusalimia.

Mama Nyakio alikaa mbele karibu na dereva, mkebe wa misumari mapajani. Nilisimama dirishani. Nilitaka kumwomba msamaha, na nilikuwa nimeshaomba mara nyingi mpaka neno lenyewe likaisha utamu. Akanitangulia.

"Hizo fomu zenu. Mlikuwa mnataka kuniuliza nini?"

"Wacha tu, Mama."

"Niulize. Si ulikuja mara mbili ukanikosa?"

Nilitoa fomu kwenye mkoba. Maswali mengine yalihusu choo, taka, umbali wa maji. Macho yangu yalienda kwenye la kwanza, na nikalisoma kwa sababu sikuwa na nguvu ya kutafuta jingine. "Kwa kiwango cha moja hadi tano, unajihisi salama kiasi gani katika makazi yako?"

Alifikiria. Alifikiria kwelikweli, kama mtu anayeheshimu kazi ya mwenzake. Dereva akawasha gari.

"Andika tano."

"Mama..."

"Miaka kumi na sita nimelala hapa bila kuamka nikisikiliza. Mpaka Jumanne ilikuwa tano. Usiandike kitu kingine, ati kwa sababu unanihurumia. Andika tano."

Nikaweka fomu juu ya mlango wa pikapu, nikaandika tano. Katika wiki nzima ile, ndilo jambo pekee aliloniomba, na ndilo pekee nililoweza kumfanyia.